Barua moja ya kweli kati ya maelfu ya bongo

Jumatatu ile nilifika kazini saa moja na nusu, kabla ya wenzangu, kwa sababu kontena mbili za mteja wetu zilikuwa zimelala Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na dosiye yake, yaani faili la karatasi zake, ilikuwa haijakamilika. Niliwasha kompyuta, nikangoja barua zishuke. Jumatatu za kawaida hushuka 20 au 30. Siku ile hesabu ilipita 100, ikapita 200, ikaja kusimama kwenye 412. Karibu zote zilikuwa na jina moja la mtumaji: MAILER-DAEMON, jina ambalo mashine za barua hulitumia kurudisha barua zilizoshindikana.

Kila moja ilisema neno lile lile, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa Kireno, nyingine kwa herufi nisizoweza kuzisoma: barua yako haikufika, uliyemwandikia hayupo. Mimi sikuwa nimemwandikia mtu tangu Ijumaa jioni. Nilifungua moja. Chini yake walikuwa wamebandika ile barua iliyokataliwa, tangazo la vidonge vya kupunguza unene, na mahali pa mtumaji palikuwa na domeni ya ofisi yetu. Kabla ya alama ya @ hapakuwa na jina la mfanyakazi wetu yeyote, herufi tu zilizochanganywa. Baada ya @ tulikuwa sisi kabisa.

Sisi ni ofisi ndogo ya transit, watu sita, Lubumbashi mjini, hatua chache kutoka Place de la Poste. Mizigo ya wateja wetu hushuka bandarini Dar es Salaam, hupita Tunduma na Nakonde, hukatiza Zambia mpaka Kasumbalesa, kisha hubaki kilomita karibu 90 kufika hapa. Njia yote hiyo mzigo unatanguliwa na karatasi, na karatasi siku hizi zinatanguliwa na barua pepe. Wakala wa Dar asipopata barua yangu, lori halipakii. Ndiyo maana jina letu lile linalokaa baada ya @ nalihesabu kama mhuri wa ofisi. Kuliona kwenye tangazo la vidonge kuliniuma kama kumkuta mwizi anagonga mhuri wetu sokoni.

Mkubwa wetu wa kazi, ambaye sote tunamwita Papa, alipoingia nilimwonyesha. Akatazama kioo kwa muda, akasema: "Mama, batu baliingia mu mashini yetu."

Nilimwamini, na tukapoteza siku mbili. Tulibadilisha nenosiri za watu wote sita. Tulizima kompyuta mbili tukampelekea fundi azioshe upya. Papa alitaka tuwaandikie wateja wote kwamba tumevamiwa, nikamwomba asubiri kidogo, na hadi leo namshukuru Mungu kwamba alisubiri. Barua zile hazikupungua. Jumanne usiku zilikuwa zimepita 1,000.

Jumatano nikamwita mtoto wa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, aliyesomea informatiki na anayetunza seva za watu, zile kompyuta zinazotuma na kupokea barua. Alikaa kwenye kiti changu, akaomba kwanza aone barua zilizotumwa kweli kutoka kwetu, kisha akaiandikia kampuni inayotutunzia barua, akaomba kumbukumbu za seva za siku nne. Jibu lilikuja mchana: hakuna hata tangazo moja la vidonge lililopitia kwetu. Akageuka akaniambia: "Mama mudogo, hakuna muntu aliingia kwenu. Baliandika tu jina yenu ku anvelopu."

Neno hilo, anvelopu, yaani bahasha, ndilo lililonifungua macho, kwa sababu nilikulia kwenye barua. Baba yangu alikuwa na sanduku pale posta kuu, na mimi ndiye niliyetumwa na ufunguo kila Jumamosi. Wakati mwingine ilirudi barua yake mwenyewe, imegongwa mhuri kwamba anayetafutwa hajulikani, irudishwe kwa mtumaji. Posta ilijuaje wa kumrudishia? Ilisoma jina lililoandikwa mgongoni mwa bahasha. Mtu akiandika jina la jirani yake pale, barua itarudi kwa jirani, na posta haitakuwa imekosea.

Barua pepe imejengwa juu ya imani hiyo hiyo. Kanuni inayoisafirisha, SMTP, aliiandika Jon Postel mwaka 1982, wakati mashine zilizounganishwa zilikuwa chache na wenyewe walijuana. Seva inayopokea inaambiwa "mimi ni fulani, barua hii inatoka kwa fulani", na kanuni yenyewe haiitaki iulize kitambulisho. Tena majina ya mtumaji ni mawili. Kuna lile la bahasha, ambalo seva hulitumia kurudisha kilichoshindikana, na kuna lile la ndani ya barua, ambalo msomaji analiona kwenye kioo. Yote mawili anayeandika anaweza kuyatunga. Anayetuma matangazo kwa mamilioni ya anwani, nyingi zikiwa zimekufa, hataki mvua ile ya marejesho imwangukie yeye. Anachukua jina la mtu mwingine, na mvua inanyesha huko.

Wala si mchezo mpya. Mwanzoni mwa 1997 Mmarekani mmoja, Joe Doll, mwenye tovuti ya joes.com, alipatwa na jambo hili hili: matangazo yalisambazwa kwa jina lake ili watu wenye hasira wamvamie yeye. Waingereza na Wamarekani wakaliita shambulio la namna hii kwa jina lake, joe job, hadi leo. Niliposikia hivyo nilipata nguvu kidogo. Kumbe si kwamba tulikuwa wazembe kuliko wengine.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililotugharimu, na nimewaona wengine wakilifanya.

Kabla kijana hajaja, Jumanne ile jioni, nilichoka kufuta. Nikaweka sheria kwenye programu ya barua: chochote kinachotoka MAILER-DAEMON kiende moja kwa moja kwenye takataka, na takataka ijifute kila usiku. Kisanduku kikawa safi. Nilifanya kazi kwa raha. Hata kijana alipotueleza mambo yalivyo, sheria ile niliisahau mahali pake.

Ijumaa ya wiki ile nilimtumia wakala wetu wa Dar karatasi za kutoa kontena ya mama mmoja anayeuza vigae kule Kenya (namaanisha komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi, si nchi). Wakala alikuwa amebadilisha anwani. Mimi niliinakili ile mpya kutoka kwenye karatasi aliyoandika kwa mkono, nikaweka n mahali pa m. Seva ya kule ilinijibu mara moja kwamba mtu huyo hayupo. Jibu hilo, la kweli kabisa, lililoandikwa kwa ajili yangu, lilipita kwenye sheria yangu likaenda takataka, na usiku likafutwa pamoja na mamia ya vidonge.

Siku tisa baadaye simu ililia. "Dada, shikamoo. Zile karatasi mbona hamjaleta? Kontena imekaa, siku za bure zimekwisha jana."

Nilimwambia nilishatuma. Akasema hajaona. Nikafungua barua nilizotuma, nikaisoma anwani herufi kwa herufi nikiwa naye kwenye simu, na tulipofika kwenye ile n wote wawili tukanyamaza. Mpaka kontena ikatoka, siku nne za malipo ya kukaa bandarini zilikuwa zimehesabiwa. Papa alisema mteja asilipe hata franka moja, kosa si lake. Alilipa yeye kutoka kasha la ofisi, mbele yangu, bila kusema neno baya, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Yule mama wa vigae nilimfuata dukani kwake kumwomba radhi. Alinipa kiti, akasikiliza yote, akauliza swali moja tu: "Sasa kesho utajua ya kweli namna gani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwa kijana wetu na swali lake. Akacheka kidogo, akasema: "Ulifuta ya kweli pamoja na ya bongo." Wasomaji wa Tanzania msikasirike, huku kwetu bongo ni uongo, na barua ya bongo ni barua isiyo ya kweli. Ndipo tulipokaa mezani, tukaweka mbili upande kwa upande, moja ya bongo na moja ya kweli niliyokuwa nayo ya mwezi uliotangulia, na akanifundisha kuzisoma.

Juu kabisa ya rejesho kuna namba. Ya kweli yangu ilikuwa na 550 na pembeni yake 5.1.1, maana yake kisanduku hicho hakipo. Namba ikianza na 5, imekataliwa moja kwa moja. Ikianza na 4, kuna kizuizi cha muda na seva itajaribu tena yenyewe, usihangaike. Lakini namba haikuambii kama barua ilikuwa yako, maana ile ya vidonge nayo ilikuwa na 550. Unashuka chini zaidi, kwenye barua iliyobandikwa, unafungua vichwa vyake kamili, ile mistari mirefu ambayo programu huificha. Humo kuna mistari inayoanza na Received, kila seva iliyopokea barua imeandika wake, wa mwisho ukiwa juu. Mdanganyifu anaweza kutunga mistari ya chini apendavyo. Mstari asioweza kuutunga ni ule ulioandikwa na seva iliyompokea yeye, na ndani yake kuna anwani ya IP, yaani namba ya mtandaoni, ya mashine iliyobisha hodi. Kwenye barua yangu ya kweli palikuwa na IP ya seva yetu. Kwenye ya vidonge palikuwa na IP nyingine kabisa, ya mashine isiyotuhusu. Nilizipitia 10, nikazipitia 20, kila moja IP yake, hakuna hata moja ya kwetu.

Basi tukafuta ile sheria yangu tukaweka nyingine. Rejesho lenye IP ya seva yetu ndani yake linabaki kwenye kisanduku kikuu na linapata alama nyekundu. Lisilokuwa nayo linakwenda kwenye folda niliyoiita Bongo. Halifutwi. Kila jioni kabla ya kufunga ofisi napitisha macho kwenye folda ile nikitafuta majina ninayoyafahamu, kwa sababu baadhi ya seva hurudisha barua bila kubandika vichwa, na hapo ya kweli inaweza kuvaa sura ya bongo.

Kuna lingine tuliloligundua siku ile, dogo lakini lilipunguza zaidi ya nusu ya mzigo. Domeni yetu ilikuwa imewekwa tangu mwanzo ipokee barua ya jina lolote, hata jina ambalo halipo. Aliyetuwekea aliona ni huduma nzuri, mteja akikosea jina barua isipotee. Mdanganyifu alikuwa anatunga majina mapya kila mara, na yote, yaliyotungwa na ya kweli, yaliishia kwangu. Tulilifunga dirisha hilo, tukabakiza anwani saba tunazozitumia. Kesho yake asubuhi nilikuta barua 61 mahali pa mamia.

Hadi hapo tulikuwa tumejifunza kuvumilia tu. Jina letu lilikuwa bado linatumika huko nje. Kijana akatuambia kwamba jina la domeni lina daftari lake la wazi, DNS, ambalo seva yoyote duniani inaweza kulisoma, na kwenye daftari letu hatukuwa tumeandika chochote kuhusu nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina letu. Seva ya mbali ikitaka kuhakikisha, ilikuta kimya. Siwezi kumlaumu mlinzi wa mlango wa mtu mwingine kama sijamwachia orodha.

Orodha hiyo ndiyo SPF. Ni mstari mmoja unaoanza na v=spf1, unataja seva zinazotutumia barua, na unamalizika na -all, yaani wengine wote si sisi. Lakini SPF inaangalia jina la bahasha peke yake. Cha pili ni DKIM: seva yetu inaitia kila barua saini kwa ufunguo wa siri, na kwenye daftari tunaweka ufunguo wa wazi wa kuihakiki. Cha tatu, DMARC, ndicho kinachofunga mambo. Kinadai kwamba jina analoliona msomaji lilingane na lile lililothibitishwa na SPF au DKIM, kinaiambia seva ya mbali ifanye nini ikiona halilingani, na kinaiomba ituletee ripoti.

Papa alitaka tuandike siku hiyo hiyo kwamba zote zisizolingana zikataliwe, p=reject. Kijana alikataa, na kwa heshima zote kwa Papa, kijana alikuwa sahihi. Tulianza na p=none, ambayo haizuii kitu, inaleta ripoti tu. Ripoti huja kila siku, faili za XML zilizobanwa, hazisomeki kwa urahisi, lakini ukizifungua ni hesabu tupu: IP hii ilituma barua kadhaa kwa jina lako, zimepita au zimeshindwa. Wiki ya kwanza tuliona IP nyingi za wadanganyifu. Katikati yao tukaona moja iliyotuma barua chache kila siku ya kazi, saa za ofisi, na zote zinashindwa.

Ilikuwa programu yetu ya fakitire, yaani ankara. Fakitire za wateja hazitoki kwenye seva yetu ya barua, zinatoka kwenye seva ya waliotengeneza programu, kwa jina letu, na sote tulikuwa tumesahau. Kama tungeandika reject siku ile Papa aliyotaka, tungekuwa tumezuia fakitire zetu wenyewe, na tungekaa mwezi tukijiuliza kwa nini watu hawalipi. Tuliiongeza kwenye SPF, tukawaomba wenye programu waweke saini ya DKIM, tukangoja ripoti ionyeshe zimepita. Ndipo tukapanda hadi quarantine, ambayo inazipeleka zenye shaka kwenye barua taka, na baada ya wiki tatu tulivu tukaandika reject.

Mabadiliko yake niliyaona. Seva inayoangalia DMARC humkatalia mdanganyifu pale pale mlangoni, kabla haijaipokea barua, kwa hiyo hakuna cha kumrudishia mtu. Marejesho yanayoendelea kunifikia yanatoka kwa seva zinazopokea kwanza bila kuuliza na kukataa baadaye. Hizo hazijaisha. Zimepungua tu. Tena tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua nyingi wawe na vyote vitatu, na hata sisi wadogo tusiofikisha 100 kwa siku tunatakiwa kuwa na SPF au DKIM ili Gmail itupokee vizuri. Wenye ofisi hapa Lubumbashi ninaokutana nao kwenye foleni ya forodha wengi hawajaandika chochote kwenye daftari lao, na ninawaambia bila kuchoka.

Lingine ni watu. Katikati ya marejesho zilikuja barua za binadamu waliopokea vidonge kwa jina letu. Mmoja wa Dar aliandika: "Ndugu, acheni kunisumbua na mambo yenu, nina watoto wanatumia simu hii." Papa alisema tusijibu. Mimi nilimjibu. Nilimwambia pole ndugu yangu, barua hiyo haikutoka kwetu, mtu amelitumia jina letu, nasi tumeumia kama wewe, naomba uiweke alama ya barua taka na usibonyeze chochote ndani yake. Sikumtumia maelezo ya kiufundi wala kiungo chochote. Alijibu baada ya saa moja: "Asante dada, pole na nyie." Niliwajibu wote walioandika kwa mkono wao, hawakufika 15. Marejesho ya mashine sikuyajibu hata moja, hayana mtu nyuma yake, na jina la mtumaji kwenye bahasha yake huachwa tupu kwa makusudi ili mashine mbili zisirudishiane barua milele.

Tahadhari nyingine: baadhi ya hayo marejesho si marejesho. Ni mitego iliyovaa nguo zake, inasema barua zako tano zimezuiliwa, bonyeza hapa uingize nenosiri. Rejesho la kweli halina haja ya nenosiri lako. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa ameshaanza kuandika lake nilipomshika mkono.

Leo asubuhi folda ya Bongo ilikuwa na barua tatu. Mbili zilikuwa za vidonge vingine. Ya tatu haikuwa na vichwa ndani yake, ilikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza na anwani ya mama mmoja wa Kitwe, Zambia, ambaye lori lake linavuka wiki hii. Nikampigia. Alisema kisanduku kile kimefungwa tangu mwezi uliopita, akanitajia kipya polepole, nami nikamrudishia herufi moja moja hadi mwisho. Nilituma tena saa nne kasorobo, nikakaa pale pale kwenye kiti mpaka aliponipigia kusema imefika.